Bado Kidogo na Rafu ya Raba

Kwa heshima na taadhima, Idara ya Vipimo vya Moyo inawatangazia wakuu wa idara, wauguzi, wahudumu, walinzi na wote wanaopita korido ya chini kwa sababu zinazojulikana na zisizojulikana, kwamba jozi moja ya raba za kijivu, namba arobaini na tatu, yenye kamba nyeupe mguu mmoja na nyeusi mguu wa pili, haionekani kwenye rafu yake. Imetafutwa chini ya vitanda, nyuma ya mapazia na ndani ya kabati la mashuka. Hata friji ya dawa ilifunguliwa, ingawa aliyeifungua hakuweza kueleza alichotarajia kukuta. Aliyezichukua azirudishe. Hataulizwa swali lolote. Atatazamwa tu.

Tangazo la pili ni dogo kidogo. Mwanzilishi wa rafu hiyo, mtaalamu wetu mkuu wa kipimo cha moyo kwa mazoezi, anastaafu rasmi tarehe thelathini mwezi huu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Wengi mnamfahamu kwa jina la Bado Kidogo. Jina alilopewa na wazazi wake limo kwenye faili la utumishi na hutumika siku ya mshahara. Huu ni wasifu wake, na tunashukuru kwamba ni wasifu wa mstaafu. Miezi michache iliyopita nusura uwe wa aina ile nyingine, inayosomwa mhusika akiwa amelala.

Kwa ambao hawajawahi kuingia chumba chetu cha mwisho wa korido, kazi yenyewe iko hivi. Mgonjwa anavua shati, anabandikwa vibandiko vyenye nyaya kifuani, anafungwa kipimo cha presha mkononi, kisha anapanda kwenye mashine ya kutembelea. Sisi tunaiita mkanda. Mkanda unaanza taratibu, mwendo wa mtu anayekwenda kuomba msamaha. Kila baada ya muda unaongeza kasi na kuinuka upande wa mbele, hadi tambarare inageuka mlima. Muda wote huo skrini inachora moyo unavyopiga. Kuna kipande kifupi cha mstari, mara tu baada ya ule mchongoko mrefu, ambacho kwa kawaida hurudi usawa wake bila maneno. Kikizama na kubaki kimezama, huenda moyo unaomba damu na mishipa inayoulisha haiwezi kuipitisha, kwa kuwa imeanza kuziba. Mtu huyohuyo ukimpima amelala kitandani, mchoro wake unaweza kuwa mzuri wa kuwekewa fremu.

Wagonjwa wengi walitaka kupimwa wamelala. Bado Kidogo aliwajibu wote jibu moja: "Ukikagua paa wakati wa kiangazi, utasifu bati bure." Kisha akawawekea ngazi ndogo ya kupandia.

Hakuanzia kwenye mkanda. Alianza kazi hapa akisukuma machela, na wanaomkumbuka enzi hizo wanasema aliisukuma kwa kasi hata baadhi ya wagonjwa wakapata nafuu njiani kwa woga. Mashine ya kwanza ya kutembelea ilipoletwa ndani ya kreti, ilikaa mapokezi wiki kadhaa kwa sababu kila idara ilidhani ni ya idara nyingine. Watu waliitundikia makoti. Yeye ndiye aliyesoma maandishi ya ubavuni, akaenda kugonga mlango wa mganga mkuu na kuomba apelekwe kozi. Alirudi na cheti, pamoja na tabia ya kukodolea macho vifua vya watu kwenye mikusanyiko akifikiria pa kubandika vibandiko. Tabia hiyo mkewe aliikomesha baada ya harusi mbili.

Katika orodha ya mafanikio yake, uongozi utataja vyeti na barua za pongezi. Sisi tulio karibu tungependa litajwe dirisha. Mashine ilipofungwa mara ya kwanza ilielekezwa ukutani, na ukutani palikuwa na bango la namna ya kukimbia moto. Mgonjwa alikuwa anatembea kwa nguvu zake zote kuelekea mchoro wa mtu anayeungua. Presha zilipanda kabla ya mlima. Bado Kidogo aliomba igeuzwe. Akaambiwa nyaya hazifiki. Akaomba nyaya ndefu zaidi, akaambiwa subiri. Siku moja tukakuta mashine imegeuka, nyaya zimefika, na yeye ana plasta kidoleni. Hakuna aliyeuliza. Tangu hapo wagonjwa wetu hutembea wakitazama uani, kwenye kamba za kufulia, na wengi wameeleza kwamba ni rahisi kutembea ukielekea mashuka meupe yanayopepea.

Sasa ile rafu. Ilizaliwa na kesi ya mashemeji, ambayo yeye huisimulia kwa namna yake, nasi kwa namna ilivyokuwa.

Walikuja wanaume wawili, mgonjwa na shemeji yake aliyemsindikiza. Mgonjwa alikuwa amevaa viatu vya ngozi vilivyong'arishwa mpaka ukaweza kujitazama meno. Shemeji alikuwa na raba. Bado Kidogo alitazama miguu yao, akamshika mkono mwenye raba na kumwingiza ndani. Shemeji wa watu hakubisha. Alieleza baadaye kwamba alidhani ndivyo wasindikizaji wanavyofanyiwa. Alinyolewa vinyweleo vya kifua, akabandikwa, akatembea, akapanda mlima, akafika hatua ambayo siku hizo tulikuwa hatujaona mtu akifika. Mchoro ukatoka safi. Bado Kidogo akatoka nje na tabasamu lake lote, akamkuta mgonjwa mwenyewe kwenye benchi, mguu juu ya mguu, anasoma gazeti.

"Shemeji yako yuko vizuri sana," akamwambia.

"Nashukuru kusikia," mgonjwa akajibu. "Ila anayeumwa ni mimi."

"Sasa mbona hukusema?"

"Niliona anafanya vizuri, sikutaka kumkatisha."

Tulicheka kwa wiki nzima. Kilichofuata hakikuchekesha. Mgonjwa aliombwa apande, akatazama viatu vyake na kusema kwamba hivi haviwezi, angerudi siku nyingine na vinavyofaa. Alirudi baada ya miezi kadhaa, juu ya machela. Alipona, lakini sehemu ya moyo wake haikurudi kufanya kazi kama zamani. Jumamosi iliyofuata Bado Kidogo alikwenda sokoni, akarudi na gunia la raba za mitumba, za kike na za kiume, kuanzia za mguu wa mtoto wa shule hadi za mtu ambaye hatujawahi kumwona. Zilifuliwa, zikaanikwa dirishani, zikapangwa kwenye rafu aliyoigongomea mwenyewe. Juu yake alibandika karatasi yenye herufi kubwa: VIATU SI SABABU. Tangu siku hiyo hakuna mgonjwa aliyeukwepa mkanda kwa kusingizia miguu. Na hakuna aliyeingizwa chumbani kabla ya kutaja kwa kinywa chake anaitwa nani na anaumwa nini.

Jina la Bado Kidogo alipewa na wagonjwa. Mtu akiwa mlimani, jasho linamtoka, akiuliza kumebaki kiasi gani, yeye alijibu "bado kidogo," kwa sauti ya upole kabisa, kana kwamba anamkaribisha chai. Akiulizwa tena baadaye, jibu halikubadilika. Kuna bibi mmoja, mwalimu mkuu mstaafu, ambaye hakuwa amezoea kufundishwa. Alishika vizuri chuma cha mbele, akageuza shingo.

"Kijana, hilo neno lako 'kidogo' lina urefu gani?"

"Linategemea wewe, mama."

"Basi kwangu limekwisha!"

"Mwalimu, mbona bado unagomba? Anayeweza kugomba ana pumzi. Bado kidogo."

Bibi alifika mwisho, akashuka, akatuambia sote kwamba kijana huyo alelewe vizuri, atafaa. Kijana mwenyewe wakati huo alikuwa na wajukuu wawili.

Msidhani yalikuwa mazungumzo ya kupitisha muda. Ilikuwa ndiyo kazi. Aliwachokoza wagonjwa juu ya timu zao, wakwe zao, bei ya vitunguu, chochote cha kuwafanya wajibu, na hakuwafundisha wanafunzi wake kitu kingine kwa ukali kama hiki: msemaji akinyamaza ghafla, tazama skrini kwanza, uso baadaye. Ukali wake wa pili ulikuwa kwenye kitufe chekundu cha kusimamisha mkanda. Mgonjwa akisema kifua kinabana, bonyeza. Presha ikishuka wakati inapaswa kupanda, bonyeza. Mstari ukizama vibaya, bonyeza. Akikuomba uendelee kwa sababu anaona haya kushindwa, bonyeza, kisha uone haya wewe kwa niaba yake.

Nje ya chumba alikuwa na vipimo vyake visivyo na nyaya. Alituamuru sisi wa mapokezi tuwatazame watu wanavyopanda ule mteremko wa machela unaotoka lango la chini. Mtu mwenye moyo wenye shida, alisema, mara nyingi hakwambii kwamba amechoka. Atasimama kufunga kamba za viatu. Atasimama kupokea simu isiyolia. Na zaidi ya yote, atasimama kusalimia. "Mkiona mtu anasalimia kwa kirefu penye mlima na kwa kifupi penye tambarare," alituambia, "huyo mleteni kwa daktari." Tulimcheka. Kisha tukaanza kuangalia, tukaacha kumcheka.

Hakuwa mtu asiyekosea, na itakuwa kumkosea adabu tukimpamba kama jeneza. Kwa miaka mingi aliamini kwamba anayefika kileleni mchoro ukiwa safi ameshapona maradhi yote, na alimwambia hivyo waziwazi. Alimwambia dereva mmoja wa lori, "Nenda ukale maisha." Yule dereva alilazwa kabla mwezi haujaisha. Daktari wetu wa moyo, mama mtulivu anayezungumza kama mtu anayechelea kumwamsha mtoto, alimketisha na kumweleza tena kile alichokwisha kumweleza mara nyingi: kipimo hiki kinaongeza shaka au kinaipunguza. Hakiifuti. Wapo ambao mstari wao huzama na mishipa yao mizima, na wapo wenye mishipa mibovu ambao mstari wao hukaa kimya. Bado Kidogo alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo daktari alilisimulia kama muujiza. Toka hapo akawa anawaambia wagonjwa, "Leo hatujaona kitu. Ukiona wewe, rudi." Ni maneno makavu, na wengi walikuwa wanategemea kupigiwa makofi, lakini hajayabadilisha hadi leo.

Miaka ya mwisho amekuwa na msaidizi, dada tunayemwita Kaimu. Jina hilo Bado Kidogo alimpa mwenyewe wiki ya kwanza, akimaanisha kwamba siku moja atamkaimu, na siku hiyo ikawa inasogezwa mbele kama sherehe ya mtu asiye na ukumbi. Kaimu alijua kubandika, kupima, kusoma, kuandika. Kila akiuliza lini ataachiwa chumba peke yake, mkuu wake alisema hajamwona bado akimshusha mgonjwa mbishi. Wagonjwa waliompata Kaimu, kwa bahati yake mbaya, walikuwa wote wapole.

Ndipo mwaka huu ulipoanza, nasi wa mapokezi tukaanza kuona mambo.

La kwanza, Bado Kidogo alisimama katikati ya mteremko wa machela kumjulia hali mfagizi. Si vibaya. Lakini alimuuliza kuhusu mama mkwe wake, na mashamba, na paka. Mfagizi alikuja dirishani kwetu amechanganyikiwa. "Jamani, mzee anataka kugombea cheo gani? Miaka yote hii 'habari' na kupita, leo ananiulizia paka. Mimi sina paka."

Kesho yake alimsalimia mlinzi mpaka mlinzi akatafuta kiti. Wiki iliyofuata alionekana ameinama palepale katikati, anafunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa viatu vya kutumbukiza, visivyo na kamba. Tukatazamana. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema, maana ungemwambiaje mtu kwamba ana dalili alizokufundisha mwenyewe?

Aliyesema ni mkewe, fundi cherehani mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake mwenyewe. Alileta chakula alichokisahau mumewe, akaegemea dirisha letu.

"Mwenzenu siku hizi anapenda maua," alisema.

"Maua, mama?"

"Maua ya jirani. Tukipanda kwenda nyumbani lazima asimame penye ule uzio ayatazame. Nimeishi naye maisha yote, hajui ua na kabichi. Juzi nikamuuliza, haya maua yanaitwaje? Akasema nimwache apumue." Akaufuta mfuniko wa bakuli ambao haukuwa na doa. "Akasema nimwache apumue. Hayo ndiyo maneno yake. Mnisaidie. Mimi nikimwambia, anasema nimsomee cheti changu."

Kaimu alikuwa nyuma yetu anatafuta faili. Alisikia yote. Aliingia kwa daktari, akatoka, na siku ileile mzee akaitwa ndani, mlango ukafungwa. Daktari alitaka uhakika kwamba hakuna maumivu anapokuwa amepumzika, kwamba hali haijawa ya kukimbizana, akampiga mchoro wa kulala. Mzuri, wa kuwekewa fremu. Basi, akamwambia, kesho asubuhi unapanda.

Nani anayejua visingizio vyote kama aliyevikusanya? Asubuhi hiyo tulikusanyika mlangoni mwa chumba cha mkanda tukijifanya tuna kazi. Bado Kidogo alikuja amevaa suruali iliyopigwa pasi, shati la mikono mirefu, na malapa.

"Bahati mbaya," alisema, akiitazama miguu yake kana kwamba imemsaliti njiani. "Leo sina viatu. Tupange siku nyingine."

Kaimu alikwenda kwenye rafu, akapitisha kidole chini ya ile karatasi yenye herufi kubwa, akateremsha raba za kijivu, namba arobaini na tatu. Akazipanga sakafuni mbele yake, vidole vikielekea mkanda. Mkewe, aliyekuwa kwenye benchi la wasindikizaji, akachomoa soksi kwenye pochi.

"Hata soksi?" mzee akamuuliza.

"Nilijua," mkewe akasema.

Alipanda. Kama ilivyotarajiwa, alianza kuendesha kipimo chake mwenyewe. Kibandiko cha nne kimekaa juu mno. Presha ipimwe sasa. Mbona mwinuko umechelewa? Daktari alikuwa pembeni, mikono mfukoni, akimwachia Kaimu chumba.

"Mzee," Kaimu akasema, "anayepanda haendeshi."

"Nani kasema?"

"Wewe. Ulimwambia karani wa benki, na nahodha wa timu, na mganga mkuu."

Hatua ya kwanza aliimaliza akimsimulia kasoro za mashine. Ya pili, kasoro za uongozi. Mkanda ulipoinuka kwa hatua ya tatu alikuwa amefika kasoro za wahitimu wa siku hizi, na katikati ya sentensi akaiacha sentensi. Chumba kikabaki na mlio wa mkanda. Kaimu alitazama skrini kwanza.

"Mzee, niambie kuhusu yale maua ya jirani," akasema, macho yake hayajatoka kwenye mstari. "Ni ya rangi gani?"

Kimya. Raba zinapiga mkanda.

"Mekundu."

"Na majani yake?"

Hakujibu. Mkono wake mmoja ulikuwa umeachia chuma na kwenda kifuani, taratibu, kama mtu anayepapasa mfuko kuona kama kalamu ipo. Mstari ulikuwa umezama na haukuwa na nia ya kupanda. Presha, iliyokuwa ikipanda, ilikuwa imerudi chini. Mkewe alisimama. Kidole cha Kaimu kilikuwa tayari juu ya kitufe chekundu, na hapo ndipo Bado Kidogo, jasho linamdondoka kidevuni, alipogeuza shingo akamtazama na kusema lile neno lake, safari hii si kwa sauti ya kukaribisha chai.

"Bado kidogo."

"Hapana, baba," Kaimu akasema. "Imetosha." Akabonyeza.

Walimlaza, daktari akamwekea dawa chini ya ulimi, mchoro ukaendelea kuchukuliwa. Maumivu yalipungua, mstari ukachukua muda wake kurudi. Alipopata pumzi, la kwanza aliomba karatasi za mchoro. Akazisoma kwa urefu wa mkono, maana miwani ilikuwa kwenye mfuko wa shati na shati lilikuwa kwenye msumari.

"Huyu mtu ana tatizo," akasema. Akageuza karatasi ya pili. "Ana umri gani?"

"Wako," mkewe akamjibu.

Akamgeukia Kaimu na kumwambia kwamba kitufe amekichelewesha. Daktari akasema hapana, amebonyeza pale alipotakiwa kubonyeza, na kwa sauti yake ileile ya kutomwamsha mtoto akamwomba anyamaze. Akanyamaza. Mara ya pili katika historia. Alipotakiwa kupelekwa wodini aliagiza mwenyewe, kwa mamlaka yote, kwamba mgonjwa huyu asitembee hatua moja, aletewe kiti cha magurudumu. Kiti kikaja, akapanda, akapandishwa mteremko wa machela akisukumwa na kijana mwenye mwendo wa polepole, jambo lililomuudhi. Njia nzima aliwasalimia watu kwa kifupi kabisa.

Yaliyofuata yalifanyika kwenye hospitali kubwa zaidi. Walimpitishia mrija mwembamba kwenye mkono hadi kwenye mishipa ya moyo, wakaingiza dawa inayoonekana kwenye eksirei, na wakaukuta mshipa mkubwa wa mbele umebana kiasi cha kubakiza upenyo wa uzi. Waliutanua, wakaacha kiwavu kidogo cha chuma ndani yake kiushikilie. Daktari wetu alipopigiwa simu alikaa kwenye kiti cha mapokezi, ambacho hakuwahi kukikalia tangu tumfahamu, akatuambia tu kwamba ilikuwa vyema mzee hakusubiri siku nyingine.

Aliporudi kazini kumalizia muda wake hakupanda tena mashine wala hakugusa kitufe. Aliketi kwenye kiti cha plastiki karibu na dirisha na kutazama mashuka, Kaimu akipima. Siku ya tatu alimwita mganga mkuu na kumwambia kwamba yuko tayari kukabidhi chumba, kwani sasa ameshuhudia kwa macho yake mgonjwa mbishi akishushwa. Alitaka iwekwe wazi kwamba hajawahi kuona mbishi kama yule.

Bado Kidogo, ndugu yetu, baba wa chumba cha mwisho wa korido: ahsante kwa dirisha. Ahsante kwa rafu. Ahsante kwa kutufundisha kuwatazama watu wanaosalimia sana, hata ilipofika zamu yako kutazamwa. Wapo watu mjini wanaopanda ngazi leo na hawajui kwamba wewe ndiye uliyewakatalia kulala, na hatuna namna ya kuwakusanya waje wakuage. Tunakuaga sisi kwa niaba yao. Uwe na miaka mingi ya mwendo wa taratibu, njia tambarare na milima michache ya kuchagua mwenyewe, pamoja na mama mwenye soksi kwenye pochi. Kaimu, ambaye kuanzia tarehe moja haitwi tena kaimu, anasema mlango uko wazi, ila ukija uje kama mgeni.

Wasifu huu ulikuwa umekwisha kupigwa chapa pale mkewe alipopiga simu mapokezi. Zile raba za kijivu ziko kwake. Mzee aliondoka nazo miguuni siku ya kukabidhi na hajazivua ila kulala. Kila asubuhi anakwenda nazo hadi barabara kuu na kurudi, kama alivyoagizwa na daktari, na siku hizi penye maua ya jirani anapita bila kusimama, wala hasalimii.

Soli ya kushoto imeachia.